Kitufe Kilichohama

Zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi,
nilichora kitufe kimoja siku nzima.
Kwa penseli, kwenye daftari la miraba,
ghorofa ya tatu juu ya duka la mbegu, Nakuru,
dirisha likiitazama Menengai.
Nikakifuta. Nikakizungusha pembe.
Kesho yake nikadamka kwenda Keringet
kumtazama mtu akikibonyeza.

Huko, alfajiri, mitungi ya maziwa ikigongana,
nilijifunzia kazi yangu kwenye vidole gumba:
vyenye nyufa, vyenye mafuta ya kukamulia,
visivyotambuliwa na kioo mpaka vifutwe kwenye shuka.
Ripoti yangu ilikuwa na maneno matatu.
Panua. Watu wanatetemeka.

Sasa naandika sentensi moja,
nipe skrini ya mfugaji kuona hesabu ya maziwa,
na kabla chai haijashika utando
akili unde imenitandazia arobaini,
zote zimenyooka kama sare siku ya kufungua shule.
Siwezi kusema ni mbaya.
Nimeutafuta ubaya, sikuupata.
Wekulo wa meza ya pili, aliyesomea rangi miaka minne,
alicheka, akanyamaza, kisha akasema
atakwenda kupaka kuta;
ukuta bado haupakwi kwa sentensi.

Hata watumiaji, inawatunga.
Naiambia: kuwa mama wa miaka sitini, wa Kuresoi, asiyejua kusoma.
Inakuwa. Inajibu kwa heshima, inasema imeridhika.
Haikohoi. Haiulizi kama nimekunywa chai.
Haiangushi simu ndani ya ndoo.

Basi tukaiachia skrini iipange yenyewe,
isome mazoea ya kila mtu
na kumsogezea karibu akipendacho.
Takwimu zikapanda. Mkurugenzi akanunua keki.

Halafu akapiga simu Taprandich.

Nilimkuta amekalia mtungi uliopinduliwa,
simu mapajani, imefungwa kwa raba.
"Kile cha kijani," akasema,
"chini, upande wa mkono wa kukamulia.
Miaka miwili nakikuta pale.
Jumatatu kilipanda juu. Jumatano nikabonyeza pale pale,
nikaulizwa kama nataka mkopo.
Nimewakosea nini
hata mnanificha pesa zangu?"

Kumbe hakuwahi kusoma neno hata moja.
Alisoma mahali,
kama mkono usomavyo kiberiti kilipo jikoni, gizani,
kama anavyoijua chuchu ya nne ya ng'ombe wake.
Mashine ilimwona akikawia, ikadhani hakitaki,
ikamsogezea kingine; akakawia zaidi;
ikasogeza tena.
Wiki nzima wakazungukana hivyo, kwa adabu,
kama watu wawili wanaopishana mlangoni.
Nami niliyekuwa nikija kutazama
nilikuwa mjini, nakula keki.

Sitasema ni adui.
Asubuhi ile ile niliwasha kipaza sauti,
Taprandich akaiuliza kwa Kikipsigis maziwa yake ni lita ngapi,
ikamjibu kwa Kikipsigis,
chenye kigugumizi, cha mtoto aliyelelewa mjini,
lakini hesabu ilikuwa sawa.
Alicheka mpaka mtungi ukalia chini yake.
"Huyu anafundishika," akasema.
"Ila kitufe kirudi."

Nimekirudisha.
Nimekipigilia misumari mahali pake, na kuandika: kisiguswe.
Usiku huo mashine ikaniuliza, kwa upole wake ule ule,
kuna ushahidi gani kwamba mtumiaji anakihitaji hapo.

Nikafungua daftari la miraba.
Kurasa zilikuwa bado na harufu ya maziwa.
Nikaandika: mkono wake.